Mende wa Nyumbani na Sumu ya Shambani

Hapana mji katika nchi zetu za joto usiomjua mende mkubwa, yule wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye mbawa na urefu upatao sentimita 4, ambaye hutoka taa ikizimwa na kutimka ikiwashwa. Watu wamemzoea hata wakamhesabu kuwa mmoja wa wenyeji wa nyumba. Sisi hatukubaliani na mazoea hayo. Walakini lililotusukuma kushika kalamu si mende mwenyewe, bali ni dawa inayotumiwa kumwua. Mende hatujasikia kwamba alimwua mtoto kwa siku moja. Sumu aliyowekewa mende yaweza kufanya hivyo kabla ya adhuhuri.

Tuutazame mji wa Nyarugusu, katika Wilaya ya Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Dhahabu ya nchi ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani tangu mwaka 1898, na mpaka leo wachimbaji wadogo huifuata mashimoni. Watu wa namna hiyo hawajengi kwa kutulia. Chumba kimoja cha kupanga huwa ndicho cha kulala, ghala na jiko. Gunia la mahindi laegemea ukutani, madumu ya maji yamepangwa chini ya meza, na choo cha shimo kilicho nyuma ni cha wapangaji wote. Mizigo haiishi kuingia: makreti ya soda, maboksi ya duka, mabegi ya mgeni aliyeshuka garini jana. Na ukitoka nje ya mji kidogo, hapo yaanza mashamba, na pamba ni mojawapo ya mazao ya nchi hiyo. Hivyo katika ua mmoja hukutana mambo matatu: chakula na maji ya kumlisha mende, mashimo na giza la kumficha, na sumu ya shamba iliyo karibu na mkono.

Yafaa kumjua adui kabla ya kumpiga. Mwanachuoni Linnaeus wa Sweden, alipompa mende huyu jina mwaka 1758, alimnasibisha na Amerika, na jina hilo limemganda. Kwa kweli wataalamu humhesabu kuwa ni mwenyeji wa Afrika, aliyevushwa bahari katika merikebu. Basi sisi ndio wenyeji wake wa kwanza, na hapana ajabu akitujua vizuri kuliko tunavyomjua! Jike hutaga mayai katika kifuko kigumu cheusi kama punje ndogo ya maharage, chenye mayai yapatayo 15, akakigandisha kwa mate mahali pa siri: nyuma ya kabati, katika mkunjo wa boksi, katika ufa wa tofali. Kifuko hicho dawa nyingi hazikipenyi. Baada ya majuma kama sita au nane watoto hutoka, bila mbawa, nao hujivua ngozi mara nyingi kabla ya kukua. Aliyejivua sasa hivi huwa mweupe kama karatasi, na ndiyo sababu wengine hudhani wameingiliwa na aina nyingine ya mdudu. Mende hustahimili njaa kwa majuma mengi. Kiu humshinda mapema zaidi. Neno hili la kiu tunamwomba msomaji alishike, kwani tutalirudia.

Madhara yake ni ya kweli, ijapokuwa huja polepole. Hutoka shimo la choo akapita juu ya sahani kwa miguu ileile, akiacha vijidudu vya kuhara. Kinyesi chake na maganda yake yakikauka huwa vumbi, na vumbi hilo huamsha pumu. Katika mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Bernton na Brown, walionyesha kwamba wako watu ambao miili yao humkataa mende kama wengine wanavyokataa chavua ya maua. Na uchunguzi uliofuata umethibitisha kwamba watoto wenye pumu huumia zaidi katika nyumba zenye mende wengi.

Tumepata kuona ubishi juu ya mende aliyefia ndani ya mtungi. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku kwetu, wamefundishwa kwamba mdudu asiye na damu ya kuchuruzika hanajisi maji kwa kufia humo. Ni kweli. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara, si hukumu ya daktari. Maji yasiyokuwa najisi si lazima yawe salama kwa tumbo la mtoto, na mwenye kuyachemsha hajavunja fundisho lolote. Tena tumekwisha kufundishwa na Mtume (s.a.w.) kufunika vyombo na kufunga viriba wakati wa usiku, laiti lingefuatwa hilo moja tu, nusu ya makala hii isingekuwa na haja.

Sasa tuje kwenye sumu. Mkulima wa pamba hununua dawa ya kunyunyizia shamba. Ikibaki kidogo, huimimina katika chupa ya soda, akaiweka uvunguni. Au humgawia jirani, au huiuza kwa vipimo. Jioni mtu huichanganya na maji kwa kukisia, akanyunyiza jikoni, chini ya kitanda na nyuma ya gunia la mahindi. Asubuhi mende wamelala chali, na mwenye nyumba hufurahi.

Furaha hiyo yadanganya. Dawa ya shamba imetengenezwa kwa ajili ya mahali penye jua, mvua na upepo, vitu ambavyo huivunja nguvu. Ndani ya chumba chenye dirisha dogo hukaa ukutani na sakafuni siku nyingi. Mtu mzima huikanyaga kwa kandambili. Mtoto atambaaye huifuta kwa viganja, kisha akatia vidole kinywani. Nyingi za dawa hizo huua kwa kuharibu mishipa ya fahamu, na mishipa ya fahamu ya mende na ya mwanadamu hutumia njia moja katika jambo hilo. Tofauti ni kipimo tu, na mtoto wa kilo 10 hana kipimo kikubwa. Ama chupa ya soda, hiyo haihitaji maelezo: mtoto mwenye kiu aonapo chupa ya soda, huona soda.

Mji uliozoea kushika zebaki kwa mikono mitupu, na kuichoma pamoja na dhahabu juu ya jiko la nyumbani, hauwezi kuogopa kwa wepesi chupa iliyo uvunguni. Twalielewa hilo. Lakini mvuke wa zebaki na sumu ya pamba havipunguzi ukali wake kwa sababu tumevizoea.

Akionekana mtu anatokwa mate mengi na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anatapika, anapumua kwa shida au anatetemeka, ashukiwe kuwa amepata sumu ya namna hiyo. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa kwa kudhani kuwa ni dawa. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe mwili kwa maji mengi na sabuni, naye anayemwosha ajikinge mikono; kisha apelekwe hospitali bila kukawia, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione. Hospitali zinayo dawa iitwayo atropini, lakini yafaa ikiwahi.

Tena sumu haimalizi kazi. Mwaka 1952, huko Corpus Christi katika jimbo la Texas, Marekani, mende wadogo wa nyumbani walionekana hawafi tena kwa dawa kali iitwayo klorodeni iliyokuwa ikisifiwa sana. Wachache waliosalia walikuwa wamezaa wenye uwezo wa kuistahimili. Anayezidisha sumu kila mwezi, huku akiacha masufuria machafu mpaka asubuhi, anawachagulia mende mbegu bora.

Tuirudie kiu. Kazi ya kwanza ni kukausha nyumba usiku: madumu yafungwe vifuniko, beseni la kuoshea vyombo limwagwe, kitambaa chenye majimaji kianikwe nje. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, hata kama mama amechoka. Na kwa nini awe mama peke yake, hali vijana wamo nyumbani? Unga na sukari viwekwe katika ndoo zenye mifuniko iliyokaza. Gunia lisigusane na ukuta. Maboksi ya dukani yafunguliwe uani na kuchomwa, yasiingizwe chumbani. Nyufa zizibwe kwa udongo au saruji.

Kazi ya pili ni choo, na hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa choo cha wote huwa si cha mtu. Huko Msumbiji, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walieneza sahani ya saruji yenye tundu na mfuniko wake uliofyatuliwa pamoja nalo, ukaziba barabara. Fundi yeyote wa saruji aweza kuiga. Wapangaji sita wakichanga, gharama haimwelemei mmoja, na mwenye nyumba ana haki ya kuombwa sehemu yake.

Kwa wale mende waliokwisha kuwamo, maji ya sabuni yakimwagiwa mende huziba matundu yake ya kupumulia, naye hufa bila kumdhuru mtu. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyopakwa mafuta ya mgando kwa ndani karibu na mdomo, ikitiwa kipande cha ndizi iliyoiva, humwingiza asiweze kutoka. Wazungu husifu mkate uliolowekwa katika bia, ndizi yatosha. Mwenye haja ya dawa atumie unga wa asidi ya boriki, kidogo sana, ndani ya nyufa na nyuma ya kabati, pasipofikiwa na mtoto wala chakula. Mende huukanyaga, akajilamba miguu, akafa baada ya siku kadhaa. Nao pia ni sumu, na uwekwe juu, katika chombo chake chenye jina.

Mtego usiondolewe mende wakubwa wanapoadimika. Katika mwezi wa pili wataonekana wadogo wasio na mbawa, pengine na mweupe mmoja au wawili, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakairudia chupa ya pamba. Hao ni wa vifuko vilivyotagwa zamani. Ndizi mpya ikitiwa katika mtego kila baada ya siku mbili, nao watakwisha.