Msumeno wa Betri: Ukimya Wake Usikudanganye

Kabla hatujaanza, mwalimu aandike ubaoni maneno haya sita: msumeno, mnyororo, bapa, betri, breki, kabari. Yasomeni pamoja kwa sauti. Vema. Sasa tuendelee.

Leo tunajifunza juu ya msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa betri. Wengine huuita chenso ya betri. Mbele una bapa refu la chuma. Kandokando ya bapa hilo huzunguka mnyororo wenye meno makali. Nyuma kuna mota, na mota hupata nguvu kutoka katika betri. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme, nao ulikuwa mzito hata ukahitaji watu wawili. Siku hizi mtu mmoja huubeba msumeno wa betri bila taabu.

Je, hatari yake ni nini? Msumeno wa petroli hunguruma. Hata jirani aliye mbali hujua kuwa kazi inaendelea. Msumeno wa betri si hivyo. Ukiachia swichi, mota hunyamaza kabisa. Mtu aweza kuukuta umelala chini, akadhani umezimwa, kumbe uko tayari kukata. Wahenga walisema: Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Tena una mbio. Katika misumeno mingi ya betri ya kukatia magogo, mnyororo hupita zaidi ya mita 10 kila sekunde. Mwaka 2009, mjini Berlin, Usain Bolt wa Jamaika alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Hayo ndiyo mbio ya meno ya msumeno, na mara nyingi huyapita. Mkono wako hauwezi kuyakwepa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: TOA BETRI. Ukitaka kukaza mnyororo, toa betri. Ukitaka kunoa meno kwa tupa, toa betri. Ukitaka kuondoa unga wa mbao ulioziba, toa betri. Ukimaliza kazi, toa betri, kisha uvishe bapa ala yake. Kuachia swichi peke yake hakutoshi, maana kidole, kijiti au mtoto aweza kuigusa.

Kanuni ya pili: vaa mavazi ya kazi. Vaa kofia ngumu, miwani ya kukinga macho, glavu na buti. Masikio pia yakingwe, kwa sababu mnyororo ukikata hupiga kelele. Ziko suruali maalumu zenye nyuzi nyingi ndani. Meno yakiigusa suruali, nyuzi hutoka na kuusonga mnyororo. Suruali hiyo ni nzuri, lakini usiitegemee kama ukuta. Mota ya umeme ina nguvu nyingi, na huenda nyuzi zisiusimamishe mnyororo upesi. Usivae kanzu, shuka wala kanga inayoning'inia.

Kanuni ya tatu: jihadhari na ncha ya bapa. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo au tawi wakati mnyororo unazunguka, msumeno huruka juu na kurudi nyuma kuelekea uso wako. Huruka kabla hujapepesa jicho. Basi usikate kwa ncha. Shika msumeno kwa mikono miwili, vidole gumba vikizunguka vishikio. Mkono wa kushoto uwe mbele, umenyooka. Simama kidogo upande wa kushoto wa msumeno, usisimame nyuma yake sawasawa. Usikate kitu kilicho juu ya bega lako, wala usikate ukiwa juu ya ngazi.

Misumeno mingi ina breki mbele ya kishikio cha mbele. Breki hiyo ikisukumwa mbele, mnyororo husimama. Ijaribu kila siku kabla ya kazi. Ifunge kila unapopiga hatua kutoka gogo moja hadi jingine. Ukienda mbali, toa betri.

Sasa tuchukue mfano. Upepo umeangusha mgrivea shambani. Gogo limelala juu ya mfereji kama daraja, huku na huku limeshikwa na ardhi. Utaanza kukata wapi? Kila mmoja achukue kijiti kibichi, akipinde kwa mikono miwili, katikati kishuke chini. Tazameni: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Gogo nalo ni vivyo hivyo. Ukilikata lote kutoka juu, litalibana bapa. Basi kata juu kwanza, theluthi moja tu, kisha maliza kutoka chini.

Lakini kama gogo limeshikwa upande mmoja tu, na upande wa pili unaning'inia, mambo hugeuka. Hapo upande wa chini ndio unaobanwa. Anza chini, theluthi moja, kisha maliza kutoka juu. Bapa likibanwa, usilivute kwa nguvu. Zima, toa betri, kisha pigilia kabari ili kuupanua mkato.

Watoto na watazamaji wakae mbali. Meno yasiguse udongo wala mawe, maana yatakuwa butu. Msumeno butu humfanya mtu ausukume kwa nguvu, na hapo huteleza. Msumeno huu hauhitaji petroli, lakini mnyororo wake unahitaji oili. Tazama oili kila unapobadili betri.

Betri nayo ina adabu zake. Ichaji kwa chaja yake yenyewe. Usiiache juani wala karibu na jiko. Usiiweke mfukoni pamoja na misumari au sarafu, maana vyuma vikigusa ncha zake huweza kuwasha moto. Betri iliyovimba au kupasuka usiichaji tena.

Mwisho, kabla ya kukata mti wowote, uliza ofisi ya misitu kama kibali kinatakiwa. Na kuangusha mti uliosimama usijifunze peke yako. Hiyo ni kazi ya kufundishwa na fundi, ukiwa naye shambani.

Sasa jibuni maswali haya, kila mtu kwa maneno yake mwenyewe:

1. Kwa nini msumeno usiopiga kelele waweza kuwa hatari?
2. Taja mambo matatu yanayotutaka tutoe betri.
3. Sehemu gani ya bapa hurusha msumeno nyuma?
4. Gogo limelala kama daraja. Utaanza kukata juu au chini? Onyesha kwa kijiti.

Nyumbani, andika kwa herufi kubwa maneno haya mawili: TOA BETRI. Yabandike mahali msumeno unapowekwa, ili kila ausomaye ajue la kufanya. Kwaherini, kazi njema.