Mikoko yetu: kila mti na mahali pake



Sisi wa Kiembeni tunaishi kati ya mikono miwili ya bahari: Tudor upande wa kusini-magharibi na Mtwapa upande wa kaskazini. Pembeni mwa yote miwili kuna mikoko. Kuna vikundi hupanda miche mia kadhaa, na baada ya miezi sita hakuna hata mmoja uliosimama. Watu husema mbegu zilikuwa mbovu. Mara nyingi si mbegu, ni mahali.

Kenya ina aina tisa za miti hii, nayo hujipanga kwa kufuata maji. Tuanzie baharini tukipanda juu:

1. Mlilana. Husimama mbele kabisa, na maji humfikia kila siku.
2. Mkoko wenyewe. Mizizi yake ni kama magongo yaliyoshika tope. Mbegu humea ikiwa bado juu ya mti, nayo hupita shibiri moja kwa urefu.
3. Muia, halafu mkandaa. Hawa wako juu kidogo, ambako maji hayakai sana.
4. Mchu. Kwa kawaida uko nyuma, penye chumvi nyingi, ambapo maji hufika wakati wa bamvu tu. Mizizi yake huchomoza kama kalamu ili ivute hewa.

Mpangilio huu haufanani kila mahali. Mchu, kwa mfano, waweza kuuona mbele pia. Kwa hivyo kabla ya kupanda, nendeni wakati wa bamvu na wakati wa maji mafu, mkaangalie maji yanafika wapi. Tazameni pia visiki: mti uliokatwa hapo ndio unaofaa kurudishwa hapo. Mkipanda mkoko kwenye jangwa la chumvi la mchu, mmepoteza nguvu zenu bure.

Tope pia laweza kuua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi Mwache, ukafunika mizizi, na mikoko mingi ikafa. Mti hukosa hewa, kama mtu aliyezibwa pua. Ndiyo maana shamba lisilo na matuta huko bara ni hasara kwa mvuvi wa huku.

Sasa tuje kwa sheria. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Leo iko chini ya Shirika la Misitu (KFS) na Sheria ya Misitu ya 2016. Si shamba la mtu, wala si pori lisilo na mwenyewe. Kukata boriti, pau au hata fito bila leseni ni kosa. Lakini sheria hiyo hiyo inaipa jamii nafasi: mkijiunga katika chama cha misitu cha jamii, yaani CFA, mwaweza kuandikiana na KFS mkataba wa kuutunza msitu na kupata faida yake.

Wenzetu wa Gazi, Kwale, wamefanya hivyo. Mradi wao wa Mikoko Pamoja hutunza hekta 117, na huuza hewa ya kaboni tangu miaka ya 2010. Pesa hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Hawakuanza na pesa, walianza kwa kuujua msitu wao.

Ya kuzungumza kikundini:
- Mahali tunapotaka kupanda, zamani palikuwa na mti gani?
- Maji hufika hapo mara ngapi kwa mwezi?
- Nani atakwenda ofisi ya misitu kabla hatujashika jembe?