Baiskeli ya gia moja inatosha Kayole, lakini nunua kwa akili

Fanya hesabu hii leo kabla hujalala. Chukulia unalipa soo moja asubuhi kutoka Kayole hadi tao, na soo nyingine jioni ukirudi. Kwa siku 24 za kazi, hiyo ni Sh4,800 kwa mwezi. Mvua ikianguka saa kumi na moja jioni, makanga anapandisha nauli palepale stejini na huna la kumwambia. Nauli ya miezi mitatu ni Sh14,400. Kijana anayelipwa kwa siku Industrial Area, au aliye chuoni na hana kazi, akizipata pesa hizo kwa mpigo hatazitazama kama nauli. Ataziona kama mtaji.

Ndiyo maana wazo la baiskeli linakujia kila mwezi ukifika tarehe ishirini. Tatizo ni kwamba ukianza kuulizia, kila mtu ana lake. Jirani anakwambia chukua yenye gia 21. Msee wa base anakwambia fiksi ndiyo inabamba. Mzee wako naye anasema hakuna baiskeli kama Black Mamba. Usipojua unachotaka, utanunua mdomo wa muuzaji.

Makala haya yana ushauri mmoja. Nunua baiskeli ya gia moja, yenye breki mbili zinazoshika, ambayo fundi wa mtaa wako anaweza kuitengeneza kwa vipuri vilivyo karibu naye. Hayo mengine ni mbwembwe.

Kwa nini gia moja

Nairobi hupanda kadiri unavyoelekea magharibi. Anayeishi Ngong au anayepanda Upper Hill kila asubuhi ana sababu ya kutaka gia nyingi. Sisi wa Eastlands tuko upande wa tambarare. Kutoka Kayole ukifuata Manyanja Road hadi Donholm, kisha Jogoo Road hadi City Stadium na Landhies Road, miinuko utakayokutana nayo ni ya kusimama kwenye pedali kidogo na kuendelea. Safari nzima ni kama kilomita 13, kutegemea unatokea upande gani wa mtaa. Kwa mwendo wa kawaida, hizo ni dakika 40 hadi 50.

Sababu ya pili ni udongo. Kayole, Njiru na Mihango zimekaa juu ya ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata. Mvua za Machi hadi Mei zikija, tope hilo huingia kila mahali. Baiskeli ya gia nyingi ina nyaya, swichi za kubadilishia gia na kile kikono kinachoning'inia karibu na gurudumu la nyuma. Kikono hicho kikigongwa na jiwe au mguu wa abiria kwenye buti la matatu, kinapinda. Kikipinda sana kinaingia kwenye spoku, na siku hiyo unasukuma baiskeli hadi nyumbani. Baiskeli ya gia moja haina hicho kikono. Ina cheni, gia ya mbele, gia ya nyuma, basi.

Wala hili si jambo geni kwetu. Boda boda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani na Uganda, kabla pikipiki hazijatawala, na baiskeli zenyewe zilikuwa za gia moja zikibeba mtu mzima na mzigo wake. Shirika la World Bicycle Relief lilipounda baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya barabara za vijijini Afrika, liliipa gia moja na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Ilitakiwa kubeba mitungi ya maziwa, maji na wanafunzi mahali ambapo fundi yuko mbali. Miaka mingi baadaye ndipo shirika hilo lilipoongeza aina yenye gia mbili. Waliokuwa wakitafuta baiskeli isiyokufa walianza kwa kupunguza vitu vinavyoweza kufa.

Gia moja si lazima iwe fiksi

Hapa ndipo wengi wanachanganya, na hapa ndipo mtu anaweza kuumia.

Baiskeli ya kawaida ya gia moja ina friwili nyuma. Ukiacha kupiga pedali, gurudumu linaendelea kuzunguka na miguu inapumzika. Fiksi haina friwili. Gia ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kwa hivyo gurudumu likizunguka pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Baiskeli za namna hiyo ni za mashindano ya uwanjani. Kule Japani, waendeshaji wa mbio za keirin hukimbia bila breki kabisa. Lakini wale wako uwanjani, wote wanaelekea upande mmoja, na hakuna mkokoteni unaojitokeza ghafla wala matatu inayosimama katikati ya barabara kushusha mtu. Tarishi wa New York ndio waliozoesha watu kuziona mitaani, na kutoka huko mtindo ukaenea.

Ukiipenda fiksi, iendeshe. Ila shika masharti mawili.

Kwanza, weka breki ya mbele. Ukisimama ghafla, uzito wako wote hukimbilia gurudumu la mbele, na hilo ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Kuburuza gurudumu la nyuma kwa miguu kunapendeza kwenye video. Pale Mutindwa mtoto akikukatizia njia, kunakuchelewesha kwa mita ambazo huna.

Pili, angalia habu. Fiksi halisi ina gia iliyokazwa upande wa kulia, kisha juu yake kuna ringi ya pili inayokazwa kinyume. Ringi hiyo ndiyo huzuia gia isifunguke unapopinga pedali. Kuna njia ya mkato ambapo friwili ya kawaida inachomelewa isizunguke, na muuzaji anaiita fiksi. Habu ya namna hiyo haina ringi ya pili. Siku utakayopinga pedali kwa nguvu ukiteremka, gia inaweza kulegea na ukabaki huna cha kukusimamisha. Ukiona alama za welding kwenye friwili, rudisha pesa mfukoni.

Sharti la tatu linawahusu wote, wa friwili na wa fiksi: usijishikilie kwenye lori wala matatu ili uvutwe. Dereva hakuoni, na shimo lililo mbele yake wewe hulioni.

Aina tatu utakazokutana nazo

Black Mamba ndiyo nzito kuliko zote, na kuibeba hadi ghorofa ya tano kila jioni ni mazoezi ya jeshi. Lakini vipuri vyake vipo kila kona, na fundi yeyote anaijua akiwa amefumba macho. Ikiwa una mizigo ya kubeba, kwa mfano unauza mayai au mkate, usitafute nyingine.

Ya pili ni ya mtumba, zile wauzaji wanaziita ex-UK. Nyingi huja na gia nyingi, lakini fundi anaweza kuondoa kile kikono na nyaya, akafupisha cheni na kukuachia gia moja. Kabla hujalipa, chungulia pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapoingia kwenye fremu. Kama nafasi yake imelala kuelekea nyuma au mbele, gurudumu linaweza kuvutwa hadi cheni ikaze. Kama nafasi imesimama wima kutoka juu kwenda chini, huwezi kuvuta gurudumu, na cheni itakuwa inalegea na kuchomoka. Hiyo iache, au ibaki na gia zake.

Ya tatu ni mpya ya bei nafuu, imepakwa rangi kali na tairi nyembamba. Inavutia kwa macho. Kabla rangi haijakuteka, soma namba kwenye tairi.

Namba hizo zina maana kubwa kuliko jina la baiskeli. Tairi za inchi 26 za baiskeli za mlima na zile za 28 za Black Mamba ni rahisi kupata mtaani. Tairi za 700C, ambazo fiksi nyingi hutumia, huenda ukazifuata hadi mjini. Na usidanganywe kwamba 700C na 28 ya Black Mamba ni kitu kimoja. Rimu ya 700C ina kipenyo cha milimita 622, na ile ya Black Mamba yenye tairi ya 28 kwa 1½ ni milimita 635. Haziingiliani. Basi uliza fundi wako swali moja kabla ya kununua: "Hii tairi ikipasuka Jumatatu asubuhi, utanipatia nyingine saa ngapi?" Jibu lake ndiyo bei halisi ya baiskeli hiyo. Kwa barabara zetu, chukua tairi yenye upana wa milimita 32 kwenda juu. Nyembamba zaidi ya hapo utakuwa mteja wa pancha.

Hesabu meno

Gia ukiwa nayo moja, lazima iwe ile inayokufaa. Hesabu meno ya gia ya mbele, ugawe kwa ya nyuma. Meno 44 mbele na 18 nyuma yanakupa 2.4. Maana yake, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita tano. Ukipiga mizunguko 70 kwa dakika, uko kwenye kilomita 21 hivi kwa saa. Hiyo inafaa Jogoo Road yenye kusimama na kuondoka kila mara.

Meno 48 kwa 16 yanakupa 3. Utaruka kwenye lami tupu usiku, lakini kuondoka kwenye taa ukiwa na begi mgongoni ni kazi ya magoti. Gia ya nyuma ni rahisi kubadilisha, kwa hivyo hilo lisikufanye uache baiskeli nzuri. Punguza tu bei.

Ukiwa palepale, fanya na haya. Inua kila gurudumu ulizungushe uone kama linayumba. Shika krenki uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, gololi zimekwisha. Vuta cheni kuelekea mbele kwenye gia kubwa; ikiachana na meno ukaona mwanga, imechakaa na imekula gia pia. Pitisha kidole chini ya fremu kwenye maungio, utafute ufa uliofichwa kwa rangi. Mwisho, simama juu ya fremu miguu yote miwili ikiwa chini. Bomba la juu likikugusa, hiyo ni kubwa kwako. Kwa dada anayevaa sketi au dera, fremu yenye bomba lililoshuka na kifuniko cha cheni ni jambo la maana kuliko rangi.

Isije ikawa ya mtu

Ukiambiwa baiskeli ya ngiri kumi inauzwa ngiri tatu, usishangilie. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinazungumzia kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake ni hadi miaka 14 jela. Bei ya kutupa, inayotolewa gizani na mtu asiyetaka kutaja jina, ni sababu tosha ya kukufanya ushuku.

Lipa kwa M-Pesa ili kubaki alama. Andikeni karatasi yenye jina lake, namba ya kitambulisho na namba ya fremu, ambayo mara nyingi huchongwa chini ya krenki. Piga picha zote mbili. Siku yako ikiibwa, utakuwa na kitu cha kupeleka kituoni.

Usitumie pesa zote kwenye baiskeli. Kama umejipanga na Sh12,000, tafuta ya Sh9,000 na uache Sh3,000 za kufuli, taa ya mbele na ya nyuma, helmeti na raba mpya za breki. Kufuli ya waya mwembamba hukatwa kwa koleo, kwa hivyo chukua ya chuma kigumu. Pia uliza mapema: kazini utaiweka wapi? Na keateka wa ploti anakubali iingie ndani? Baiskeli inayolala nje Kayole haina mwenyewe.

Barabara yenyewe

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Unayajua mwenyewe uliyoyaona tangu hapo. Outer Ring ina njia ya pembeni, lakini sehemu nyingi utaikuta na vibanda, nguo zilizotandazwa na boda zinazosubiri wateja. Jogoo Road itakulazimisha ushindane na magari.

Kwa hivyo usiianze safari hiyo Jumatatu. Iendeshe kwanza Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, ujue mashimo yako wapi na matatu husimama wapi. Fuata upande wako wa kushoto, lakini usijibane ukingoni kabisa, maana huko ndiko makanga hufungulia mlango. Giza likiingia washa taa zote mbili, hata kama ni kutoka Masimba kwenda dukani.

Na siku ya kwenda kununua, usiende peke yako. Chukua fundi wako wa mtaani, umlipie nauli na umnunulie chai. Yeye ndiye utakayekuwa naye baada ya muuzaji kukusahau.