Punda Wangu na Kiangazi cha Kalokol

Msomaji wa Lamu, wa Pate au wa Siu hana haja ya kuelezwa punda ni nini. Mtu wa kwetu huzaliwa akisikia kwato zake vichochoroni, na kila jiwe la nyumba yake limefika mlangoni juu ya mgongo wa mnyama huyo. Mimi nami nilikuwa na yakini kwamba namjua punda. Yakini hiyo niliichukua pamoja na mizigo yangu nilipofunga safari mwaka 2021 kwenda Kalokol, na haikuchukua miezi sita ikanitoka yote.

Kalokol ni mji mdogo upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, lile ambalo hadi mwaka 1975 likiitwa Rudolf. Kutoka Lodwar ni mwendo wa kilomita kama 60. Kilichonipeleka ni biashara ya ng'onda. Samaki wa ziwa lile hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani na kusafirishwa mbali, na mtu aliyekulia kwenye chanja za samaki hawezi kupotea njia katika kazi hiyo. Mjini pale lipo jumba kubwa la kiwanda cha samaki lililojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa la kugandishia samaki kwa barafu, likafanya kazi muda mchache tu likafungwa, kwa kuwa gharama ya barafu ilishinda bei ya samaki, na ile ghuba iliyotegemewa nayo ikakauka. Chumvi na jua havina gharama hiyo.

Jumba hilo ndilo lililomleta mgeni mmoja wa Norway, mzee mpole aliyetaka kuliona kwa macho yake. Alipita kwangu kununua maji ya kunywa, akawaona punda wangu wawili wamesimama bandani, akanihadithia farasi wa babu yake. Kwao, alisema, theluji ikianguka farasi huingizwa ndani, wakakaa zizini miezi na miezi, wakila majani makavu yaliyokatwa wakati wa jua. Kazi yote ya kiangazi ni kuwawekea chakula cha baridi. Nikamwambia nasi pwani tunao msimu wa kufunga: kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo hupandishwa mchangani, na mwenye akiba ndiye anayelala. Akauliza, "Na hapa Kalokol, msimu wa kufunga ni upi?" Nikamwonyesha jua.

Ndivyo ilivyo. Baridi ya Turkana ni kiangazi. Wenyewe hukiita akamu, na ule wakati wa mvua, ukija, huitwa akiporo. Joto la mchana Lodwar huwa kama digrii 35 mwaka mzima, na mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 250. Mimi sikuwa na bahati ya kuanza na mwaka wa kawaida. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha. Nilinunua punda wangu katikati ya msiba huo, kwa bei ambayo ingenifanya nijiulize lau ningekuwa na akili: dume mmoja wa kijivu na jike mmoja mwenye msalaba mweusi mgongoni. Dume nikamwita Kusi, jike nikamwita Kaskazi. Majirani walicheka sana. Pale punda hujulikana kwa rangi yake na alama ya mwenyewe, basi.

Banda nililijenga kwa miti na makuti ya mkoma, maana mikoma ipo huko kama kwetu. Kosa la kwanza nikalifanya siku ile ile: nililielekeza mlango mashariki, ziwani, nikitamani upepo wa baridi kama mtu wa pwani. Upepo wa Turkana hutoka huko huko mashariki, huvuma usiku na asubuhi kwa nguvu ya kumwangusha mtoto, na hubeba mchanga. Kulipokucha punda walikuwa wamegeuza makalio mlangoni na macho yamejaa vumbi. Nikalivunja nikalijenga upya.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kando ya laga, yaani ule mto wa mchanga usiokuwa na maji ila mvua inyeshapo, kuna migunga mikubwa, wenyewe huiita ewoi. Kiangazi maganda yake ya mbegu huanguka chini, manjano, yamejipinda kama pete, na mnyama huyala kama mtoto alavyo halua. Nikachukua magunia mawili nikayafagia. Nilidhani ni mali ya Mungu. Sijafika nusu ya gunia la pili, akanitokea bi mzima mmoja, shingo imejaa shanga, fimbo mkononi.

"Wewe mtu wa Mombasa," akaniambia (kwao kila mtu wa pwani ni wa Mombasa), "kwenu mnaingia shamba ya mtu bila hodi?"

Nikamjibu, "Mama, sioni shamba hapa."

Akanionyesha mti kwa fimbo, kisha mwengine, kisha mwengine, mpaka kwenye kona ya laga. Hiyo ilikuwa ekwar ya jamaa zake. Nilijifunza siku hiyo kwamba miti ya ukingo wa mto, japo haina ua wala hati, ina wenyewe, na maganda yake, ambayo huitwa ngitit, ndiyo akiba yao ya kulishia wanyama, sawa kabisa na yale majani makavu ya babu wa Mnorway. Nilimwomba radhi, nikamrudishia magunia yake, nikamwongezea sukari kilo mbili. Akayapokea yote, akanirudishia gunia moja. Akasema kama nina punda, siwezi kuwa mtu mbaya sana.

Tangu siku hiyo nikamwita mama, naye akaniita mwanangu, na akawa mwalimu wangu kwa lazima, kwa kuwa hakuniuliza kama nataka kufundishwa.

Kazi ya kila siku nitaieleza kwa ufupi. Maji yalitoka kwenye visima vilivyochimbwa ndani ya mchanga wa laga, na kila mwezi wa kiangazi ulivyopita visima viliongezwa kina, mpaka mtu aliye chini hupitisha maji kwa aliye juu, naye kwa aliye juu yake. La kuchoma moyo ni kwamba miaka ile ile ziwa lilikuwa likifura, limekwisha meza pwani yake na nyumba za watu. Lakini maji yake yana magadi. Wanyama huyanywa, na binadamu aliyeshindwa huyanywa, ila si maji ya kujengea afya. Punda mmoja hunywa lita kumi mpaka ishirini na tano kwa siku kwa kadiri ya jua na kazi. Kila punda alibeba mitungi minne ya lita 20. Fanya hesabu uone: katika kila safari, sehemu ya mzigo ni mali ya mchukuzi mwenyewe. Punda hustahimili kiu kuliko farasi, anaweza kupungua karibu thuluthi ya uzito wake kwa kukosa maji kisha akayarudisha kwa dakika chache hapo horini. Mwenye pupa husikia habari hiyo akadhani ni ruhusa.

Ramadhani ya mwaka 2022 iliangukia Aprili, mwezi ambao mvua ilikuwa inyeshe nayo haikunyesha. Nikila daku, nikisali alfajiri, natoka na punda kungali na kiza. Mwanzo nilifanya hivyo kwa ajili ya nafsi yangu, nisitembee juani na saumu. Baada ya siku kumi hivi nikaona Kaskazi mbavu zimerudi ndani kidogo na hatua imekuwa nyepesi, ndipo nikafahamu kwamba saa nne za asubuhi nilizokuwa nikimpeleka kabla ya hapo ndizo zilizokuwa zikimmaliza. Sikubadilisha tena hata baada ya Idi.

Nao mashogi yao si kama yetu ya ukindu. Akina mama wa Kiturukana hupinda fito mbili za mti kuwa kama yai, wakazisuka kwa kamba za ngozi mbichi, moja kila ubavu. Ndani yake huenda maji, vyungu, kuku, hata mtoto, siku jamaa wanapohama. Punda kwao ni jambo la wanawake zaidi. Mwanamume kama mimi kuhangaika na punda kutwa kulikuwa kichekesho cha pili baada ya yale majina.

Usiku punda hawakulala nje. Sababu niliambiwa na mama mwenyewe. Kenya iliruhusu punda kuchinjwa kibiashara mwaka 2012, vikafunguliwa viwanda vinne, kimoja huko huko Turkana, na ngozi zikapelekwa China kuchemshwa gundi ya kutengenezea dawa. Toka 2016 mpaka 2018 pekee walichinjwa punda zaidi ya laki tatu nchini. Kuzaliwa hakukuweza kufuatana na kisu, maana jike hubeba mimba mwaka mzima kwa mtoto mmoja, na wizi ukaenea. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi barani kote. Mama aliwahi kuwa na punda watano. Wawili walitoweka usiku mmoja, akaziona kamba tu.

Sasa nifike Agosti 2022. Maganda ya migunga yalikuwa yamekwisha. Nikaona mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa jeshi, umezaa maganda tele wala hauna mwenyewe wa kunishika. Nikawamwagia Kusi na Kaskazi maganda hayo chini, mchangani, kwa wingi, nikajiona mjanja. Siku ya nne Kusi hakula. Jioni akawa anageuka kuangalia ubavu wake, anapiga mguu chini, kisha akalala akagaagaa. Kinyesi hakuna. Ulikuwa msokoto wa tumbo. Wenye kuwajua punda wanajua kwamba punda asiyekula siku mbili tatu huwa katika hatari kubwa: mafuta ya mwili huingia kwenye damu akafa kimya kimya.

Habari zikafika mjini kabla ya Isha. Akaja kijana mmoja, mwenye adabu, akasema atanipa fedha taslimu, amchinje kabla hajafa. Naomba msomaji asimdhanie vibaya. Waturukana hula nyama ya punda, na ule ulikuwa mwaka wa njaa. Fedha alizokuwa nazo bila shaka zilichangwa na watu kadhaa. Kwetu punda wa nyumbani haliwi, hilo halina mjadala, na kumuuza aliwe na mwengine moyo wangu haukulikubali. Lakini usiku ule nilijiuliza: nikimwacha afe atupwe, na watoto wa jirani wamelala na uji mtupu, nimemhifadhi nani? Sikupata jawabu. Nilimwambia kijana arudi asubuhi.

Mama alikuja na taa. Akatia mkono kwenye mchanga niliokuwa nikiwalishia, akauinua mbele ya uso wangu, akauacha umwagike. "Hii ndiyo umempa kula," akasema. Tumemtembeza Kusi hatua kwa hatua, zamu kwa zamu, mpaka kukacha. Kumekucha, daktari wa mifugo niliyempigia simu akafika kwa pikipiki kutoka Lodwar, akapitisha mpira puani mpaka tumboni akamwaga mafuta na maji. Adhuhuri Kusi akatoa kinyesi, kikavu, kizito. Tukakiloweka ndani ya maji: chini ya ndoo ulitulia mchanga wa kujaa viganja viwili. Kijana wa asubuhi alikuwapo. Alitazama ndoo, akanisaidia kumnywesha Kusi, akaenda zake. Jioni nilimpelekea gunia la ng'onda, naye akalipokea bila ya neno.

Baada ya hapo chakula kilikwenda juu ya jamvi. Wishwa ya Lodwar niliichanganya na mathenge kidogo, na mchana waliguguna majani ya mswaki, ambao huko ni mti wa porini, wenyewe huuita esekon, na kila nikiukata nikijikatia na kijiti changu.

Mvua ilikuja Machi 2023, mwanzoni mwa Ramadhani. Jamaa za mama walitaka kuhamia kwenye majani mapya nao walikuwa wamebakiwa na punda mmoja dhaifu. Hakuniomba. Alikuja akakaa karibu na banda, akazungumzia majani. Nikamfungulia Kaskazi. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi za punda walitangaza mwaka 2022 kwamba mnyama huyu alifugwa mara ya kwanza upande huu wa Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Nilipomwona Kaskazi akiondoka na miti ya nyumba ubavuni na kuku wawili juu, sikuona shida kuamini.

Walikaa miezi mitano. Kusi alilia kila jioni, watu wakalalamika. Mwisho wa Agosti Kaskazi akarudi, amenenepa, anaongozwa na mjukuu wa mama. Fito zote mbili zilikuwa zimejaa ngitit. Kijana akazimimina juu ya jamvi, akanyoosha mgongo, akasema nyanya amesema hizi ni za akamu, nisianze kuwapa sasa.