Mbuzi Mzee na Viazi: Mapishi ya Kichina kwa Kuni Chache

Mfugaji akichinja mbuzi nyumbani, mara nyingi hamchinji yule anayezaa wala yule anayekua. Huchinja beberu aliyezeeka, au jike aliyekoma kuzaa. Nyama ya mnyama huyo ni tamu, lakini ni ngumu. Ukiichoma utaitafuna mpaka taya zikuume. Ukiichemsha kwa moto mkali saa nzima utamaliza kuni za siku mbili, na nyama ingali ngumu.

Ninyi mnaokaa Lodwar na Kakuma mwajua vema ya kuwa kuni ndizo shida. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 200 tu, na miti haioti upesi. Tangu kambi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa jirani yake mwaka 2016, watu wanaowasha moto asubuhi na jioni wameongezeka sana. Wanawake wa Kiturkana huwauzia wakimbizi kuni na makaa, nao hulazimika kwenda mbali kuzitafuta. Ugomvi kati ya wenyeji na wageni umewahi kutokea kwa ajili ya mzigo wa kuni. Kwa hiyo mpishi anayeweza kulainisha nyama ngumu kwa kuni chache amepata faida kubwa.

Upishi tunaotaka kuueleza umetoka China. Wachina wamekuwa miongoni mwa wajenzi wa barabara kuu ya Turkana, basi si watu wageni kabisa kwetu. Wao huuita upishi huu hong shao, maana yake ni kupika chakula mpaka kiwe chekundu. Nyama hukaangwa kidogo katika sukari iliyoungua, hutiwa soya sosi na tangawizi, kisha huachwa ndani ya maji machache, juu ya moto mdogo, muda mrefu. Mwishoni hutiwa viazi. Kiazi si mmea wa asili wa China, kama vile kisivyo cha kwetu. Kilitoka Amerika ya Kusini. Lakini siku hizi hakuna nchi inayovuna viazi vingi kuliko China.

Mchina mwenyewe hupenda kutumia nyama ya nguruwe, ile ya tumboni yenye mafuta na ngozi yake. Hapa kwetu hatukushauri uanze na hiyo. Nguruwe hatoki jasho kama mtu. Katika jua la Lodwar hutaka kivuli na maji mengi ya kujipoza, tena hula nafaka ambayo watu wenyewe hawanayo ya kutosha. Zaidi ya hayo, jirani zako wengi wa Kakuma ni Waislamu, na sufuria ya nguruwe hawawezi kuionja. Mbuzi aliyechinjwa na Mwislamu aweza kuliwa na watu wote wa mtaa. Ukiwa mahali ambapo nguruwe huuzwa, nunua nyama iliyopigwa muhuri na mkaguzi tu, uipike mpaka ndani. Ukiona ndani yake vitu vyeupe mfano wa punje za mchele, usiile. Hayo ni mayai ya ugonjwa wa tegu, kwa lugha ya watu. Hasa ni tegu wachanga wenyewe. Anayewala hupata tegu tumboni. Kisha mayai ya tegu huyo yakiingia katika chakula kwa sababu ya mikono michafu, wadudu huweza kufika ubongoni na kumletea mtu kifafa.

Sasa tueleze kwa nini moto mdogo hushinda moto mkubwa. Mbuzi wa Turkana ametembea maisha yake yote, na nyama yake imefungwa kwa nyuzi na utando mweupe wenye nguvu. Utando huo hauyeyuki kwa haraka. Ukikaa saa mbili au tatu ndani ya maji ya moto hugeuka kuwa laini kama gundi, ile ile inayogandisha supu ya kongoro ikipoa. Hapo ndipo nyama huachana na mfupa. Na jambo ambalo wapishi wengi hawalifikiri ni hili: maji yakisha kuchemka, hayazidi moto hata ukiongeza kuni kumi. Yanachofanya ni kukauka tu. Kuni zote unazozitia baada ya hapo zimekwenda kuwa mvuke, na maji uliyoyabeba kwa mtungi yamekwenda pamoja nazo.

Kwa watu sita, twaa nyama ya mbuzi kilo moja na nusu pamoja na mifupa yake. Shingo, mkono na mbavu ndizo zinazofaa; steki haifai, kwa maana haina utando wa kuyeyuka. Kata vipande vikubwa, kila kimoja kama kisanduku cha kiberiti au zaidi. Tayarisha viazi kilo moja, sukari vijiko viwili vya chakula, mafuta vijiko vitatu, soya sosi vijiko vinne, kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba, punje nne za kitunguu saumu, kitunguu maji kimoja, na kijiti kimoja cha mdalasini. Wachina hutia na pombe kidogo. Iache, nusu ya ndimu itafanya kazi yake. Mbuzi hana mafuta kama nguruwe, kwa hiyo ukiwa na mafuta ya mbuzi mwenyewe, yakate madogo uyayeyushe kwanza badala ya mafuta ya duka.

Pasha mafuta, tia sukari, ukoroge. Itayeyuka, iwe ya manjano, kisha ifanane na rangi ya chai ya rangi. Hapo hapo tia nyama. Usiende kuzungumza na mgeni wakati huu, maana sukari hupita kutoka wekundu hadi weusi kwa muda wa kuhesabu ishirini, na sukari nyeusi ni chungu. Ikiwa nyeusi, imwage uanze upya. Hasara ni vijiko viwili tu, lakini ukitia nyama humo umeharibu kilo moja na nusu. Geuza vipande mpaka vipate rangi pande zote. Tia vitunguu, saumu, tangawizi na mdalasini, kisha soya sosi, kisha maji yaliyokwisha kuchemshwa mpaka yaifunike nyama. Maji baridi hukushusha moto na kukudai kuni nyingine. Usitie chumvi bado. Soya sosi hutengenezwa kwa soya, ngano na chumvi nyingi, na wengi huharibu chakula hiki kwa kutia chumvi mara mbili. Kama duka la karibu halina soya sosi, tumia chumvi kijiko kimoja cha chai, na uache sukari iive zaidi kidogo. Rangi itapatikana, ladha itapungua lakini chakula kitakuwa kizuri.

Yakichemka, funika uache dakika 25 kwa moto wa wastani. Baada ya hapo unayo njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza moto mpaka maji yawe yanatetemeka tu, ukaacha saa mbili. Jiko la makaa lenye udongo ndani lafaa sana kwa kazi hii, na makaa ya mathenge, mti ambao Waturkana huuita etirae, huwaka vizuri. Mti huo umeenea kando ya mito na kufunga mashamba, kwa hiyo kuukata si hasara.

Njia ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi, nayo haitaki kuni kabisa. Ni jiko la kapu. Chukua kapu kubwa au sanduku, ulitandike chini na pande zote kwa nyasi kavu, blanketi kuukuu au nguo zilizochakaa, unene wa kiganja cha mkono. Acha nafasi ya sufuria katikati, na ushone mto mzito wa kufunika juu. Sufuria ikiwa inachemka, na kifuniko kikiwa juu yake, iondoe motoni uitie kapuni mara moja, uifunike kwa mto. Iache saa tatu. Joto halina pa kutokea, na nyama huendelea kuiva pasipo mtu. Nawe waweza kwenda zako shambani au kliniki. Joto la mchana la Lodwar, ambalo hufikia digrii 35, hapa lakusaidia, kwa sababu sufuria haipoi upesi kama ingalivyopoa Kinangop.

Lakini jiko la kapu lina masharti. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, maana sufuria yenye chakula kidogo hupoa. Mtoto au mgeni asiinue mto kuchungulia. Na usipitishe saa nne, kwa maana chakula kikiwa vuguvugu tu vijidudu huzaana. Ukikitoa, kirudishe motoni kichemke sawasawa dakika kumi kabla ya mtu kuonja.

Wakati huo wa kukirudisha motoni ndio wakati wa viazi. Vikitiwa mapema huvunjika vyote, ukapata uji. Hasa kiazi cha Shangi, ambacho ndicho kinachouzwa zaidi, huiva upesi. Kikate vipande vinne, ukitie, na baada ya dakika 15 au 20 kitakuwa kimekunywa mchuzi na kuufanya mzito. Onja chumvi, kamua ndimu.

Juu ya viazi twataka kusema zaidi. Viazi havizai katika joto la Turkana. Mmea huota majani lakini hauweki kiazi kama usiku una joto. Vyote huja kwa lori kutoka nyanda za juu, kupitia Kitale na Kapenguria, kisha hukaa sokoni juani. Kiazi kilichopigwa na jua hugeuka kijani, na kijani hicho huandamana na sumu inayoleta kutapika na kuumwa na tumbo. Moto hauiondoi. Kilichogeuka kidogo, menya kwa kina utupe sehemu ya kijani. Kilichogeuka sana au kilicho kichungu, kitupe chote. Nunua vya siku chache tu, uvifiche gizani. Nanyi wakulima wa skimu za Kinangop na Ol Kalou, fyekeni majani ya viazi wiki mbili kabla ya kuchimba, ngozi ikomae. Kiazi chenye ngozi changa hakifiki Lodwar kikiwa kizima, na mchuuzi aliyepata hasara mara moja huja mwaka ujao na bei ya chini.

Ukikosa viazi, tumia viazi vitamu na upunguze sukari iwe kijiko kimoja, au tumia boga la Katilu. Wachina hula na wali. Ugali wa mtama nao huupokea mchuzi huu vizuri kabisa. Kwa maoni yetu ni bora kuliko wali.

Kama umemchinja mbuzi mwenyewe, tazama ini na mapafu. Ukiona vifuko vyenye maji, vikubwa au vidogo, usimtupie mbwa. Mbwa akivila hupata minyoo, na mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi chake, yakaingia katika maji, chakula na mikono ya watoto, na baada ya miaka tumbo la mtu huvimba. Turkana imeteswa na ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za dunia, na Amref ilianza kazi ya kuupiga vita huko mwaka 1983. Choma vifuko hivyo, au uvizike kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

Chakula hiki kiliwe siku hiyo hiyo. Kikibaki cha usiku, kichemshe kabla ya kulala na tena asubuhi kabla ya kukila. Viazi ndivyo vinavyochacha kwanza, kwa hiyo jioni waambie watoto wavimalize viazi, nyama ndiyo ibaki.