Chokaa Kwenye Mishipa ya Babu

Haya, sogeeni. Alikuwako babu mmoja wa Likoni, fundi wa mashua mstaafu. Haumwi kitu, ila ana presha, na sigara kaiacha ukubwani. Siku hiyo daktari akamwambia, "Mzee, sijaamua kama nikuanzishie dawa ya kolesteroli. Vuka mjini kwanza ukapigwe picha ya moyo."

Babu akapanda feri na mjukuu wake, msichana asiyeishiwa maswali.

"Babu, moyo si umejaa damu? Mishipa ya nini tena?"

Swali zuri. Damu inayopita ndani ya moyo siyo inayoulisha. Moyo una mishipa yake inayotambaa juu yake kwa nje: mikubwa ni mitatu, na upana wake ni milimita chache tu. Fikirieni kisiwa cha Mombasa. Wafanyakazi na mboga huingia kwa feri kutoka Likoni, kwa Daraja la Nyali kutoka Kisauni, na kwa Makupa kutoka Changamwe. Feri ikikwama asubuhi, mwajua wenyewe kinachotokea. Mshipa mmoja wa moyo ukiziba, nyama ya moyo iliyoutegemea huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Lakini mshipa hauharibiki kwa siku moja. Kwa miaka mingi kolesteroli hujipenyeza kwenye ukuta wake, pakavimba, pakapata kovu, hatimaye pakashika kalsiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye mifupa na chokaa. Mafuta mabichi ni vigumu kuyaona katika picha ya namna hii. Chokaa huonekana nyeupe waziwazi.

Basi babu akalazwa chali, akabandikwa nyaya kifuani. Moyo hautulii hata ukiombwa, kwa hiyo mashine hufuata mapigo na kuvizia ule muda mfupi unapopumzika. Kitanda kikaingia ndani ya duara kubwa. "Vuta pumzi. Shikilia. Haya, pumua." Hakuna sindano wala dawa ya rangi. Muda si muda babu alikuwa anafunga vifungo vya shati. Miale ya eksrei ipo, ingawa si mingi. Ndiyo maana vijana hawapigwi picha hii ovyo.

Mashine ya namna hiyo, iitwayo CT, ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na ilikuwa ya kichwa. Mwaka 1979 Godfrey Hounsfield, Mwingereza, na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hesabu ya chokaa ya moyo ilikuja baadaye: mwaka 1990 daktari Mmarekani Arthur Agatston na wenzake walichapisha namna ya kuijumlisha.

Babu akapata 140.

"Mia na arobaini juu ya ngapi?" mjukuu akauliza.

Juu ya hakuna. Huu ni mtihani ambao bora upate sifuri. Kuanzia 1 hadi 99 chokaa ni kidogo, 100 hadi 399 ni ya wastani, 400 na zaidi ni nyingi, na wapo wanaopita 1,000. Wala 140 haisemi mshipa umeziba kwa kiasi gani. Inasema ugonjwa umeshaanza, na daktari sasa ana sababu ya kuandika dawa. Hata sifuri si hirizi: mafuta ambayo hayajashika chokaa huweza kujificha.

Tena msiharakishe kuvibebesha viazi karai lawama zote. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya picha za CT za maiti 137 za kale zilizokaushwa, za Misri, Peru na kwingineko, na karibu theluthi moja zilikuwa na dalili za ugonjwa huu wa mishipa. Upande wa pili wapo Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wanaoshinda kwa miguu: katika utafiti wa mwaka 2017, watu wazima 85 kati ya kila 100 walikuwa na sifuri.

Jambo moja lishikeni. Picha hii ni ya mtu asiye na maumivu. Mkimwona mtu mzima kifua kinambana, jasho jembamba linamtoka, maumivu yanapanda begani au tayani, msimkimbilizie dawa ya gesi dukani wala msingoje miadi ya picha. Iteni watu, apelekwe hospitali saa ile ile.