Hewa ya ukaa nayo ina njia zake za panya

Niliporudi nyumbani kutoka ukimbizini Tanzania, kazi yangu ya kwanza haikuwa ya kalamu ya gazeti. Nilikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja pale Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, nikiandika daftarini magunia yanayoingia na yanayotoka. Jioni mzee hakutaka kujua yamepita mangapi kwa jumla. Aliuliza jambo moja tu: "Tofauti ngapi, kijana?" Siku moja nilikosea magunia machache upande wa kuingia. Kati ya mamia yaliyopita hayakuwa kitu, lakini tofauti nzima iligeuka uongo, na mwisho wa mwezi nikakatwa mshahara.

Daftari lile limenirudia akilini baada ya kusoma jinsi wataalamu wanavyohesabu hewa ya ukaa inayovuka kati ya bahari na anga.

Kila mwaka, kaboni tani bilioni 80 hivi huingia baharini kutoka angani ikiwa ndani ya hewa hiyo, na kiasi kinachokaribiana na hicho hutoka baharini na kurudi angani. Tofauti inayobaki majini ni tani bilioni mbili hadi tatu hivi. Usiidharau. Ni kama robo ya hewa ya ukaa ambayo binadamu huitoa kwa magari, viwanda na ukataji wa misitu. Bahari ikipunguza kupokea, mzigo huo utabaki angani na kuzidisha joto la dunia. Taabu ni kwamba bahari haina kituo cha forodha. Yote, kutoka pwani hadi pwani, ni njia za panya.

Anayevusha kreti za soda anaijua nusu ya somo hili. Soda ya baridi huishika gesi yake ikatulia. Iliyoshinda juani ukiifungua inakurukia usoni. Bahari nayo ni hivyo. Maji ya baridi kuelekea ncha za dunia hupokea gesi nyingi, na yale ya joto karibu na ikweta huiachia. Kisha kuna upepo: ukiongezeka kasi mara mbili, uvukaji huongezeka kama mara nne.

Wengi hudhani setilaiti huiona gesi yenyewe ikizama majini. La hasha. Gesi iliyoyeyuka baharini haionekani kutoka juu. Setilaiti huona hali ya mpaka. Kwa miale ya joto hupima ujoto wa uso wa maji. Kwa rada hupima upepo, maana vijiwimbi vinavyosukumwa na upepo hubadili mwangwi unaorudi. QuikSCAT ya Marekani ilifanya kazi hiyo tangu 1999 hadi 2009. SeaWiFS, iliyorushwa 1997 na kunyamaza 2010, ilitazama rangi ya bahari, kwa sababu ukijani huonyesha mimea midogo inayokula hewa ya ukaa. SMOS ya Ulaya, iliyorushwa Novemba 2009, hupima hata chumvi.

Zipo pia zinazopima hewa hiyo ikiwa bado angani. Wamarekani walirusha OCO tarehe 24 Februari 2009, lakini kifuniko kilichoikinga juu ya roketi hakikuachia, ikaanguka baharini karibu na Antaktika. Walirusha nyingine, OCO-2, Julai 2014. Haikukaa sana ikakutana na El Niño ya 2015, na ikaonyesha kwamba Pasifiki ya ikweta ilipunguza kutoa gesi, kwani maji ya moto yalikuwa yamefunika yale ya baridi yenye gesi nyingi ambayo kwa kawaida hupanda kutoka kilindini.

Lakini nani anajua gesi iliyomo ndani ya maji yenyewe? Meli. Na si za utafiti pekee: baadhi ni meli za kawaida za mizigo, zilizofungiwa chombo kinachovuta maji ya bahari na kupima gesi njia nzima. Mwaka 2011 wanasayansi walitoa mkusanyo wa vipimo hivyo uitwao SOCAT, ukiwa na vipimo milioni 6.3, na umeendelea kukua. Kompyuta hujifunza humo jinsi gesi inavyofuatana na joto, chumvi na rangi, kisha hutumia picha za setilaiti kukisia pale ambapo meli haikupita.

Hapa ndipo nilipoyakumbuka magunia yangu. Meli huvuta maji ya mita kadhaa chini, wakati mpaka wenyewe ni ngozi ya maji isiyofika milimita moja, nayo ina ubaridi zaidi kidogo. Mwaka 2020 Andrew Watson wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake walirekebisha kosa hilo kwa kutumia vipimo vya joto vya setilaiti. Hesabu ya kinachobaki baharini ilipanda kwa kaboni tani bilioni 0.8 hadi 0.9 kwa mwaka. Ukubwa wa sahihisho hilo umebishaniwa tangu hapo, lakini tazama: sehemu ndogo ya nyuzi moja ya joto, na daftari zima limetikisika.

Katika daftari hilo, Bahari ya Hindi ni miongoni mwa kurasa zenye mistari mingi mitupu. Tunajua kwamba kusi ikivuma pwani ya Somalia na Oman, maji ya kilindini hupanda yakiwa na gesi nyingi, na Bahari ya Arabia huitoa angani, ingawa maji hayo ni ya baridi. Kusini zaidi bahari hupokea. Lakini vipimo vya meli ni haba, na uharamia wa Somalia ulipopamba moto, hasa 2008 hadi 2012, meli za utafiti zilikwepa eneo hilo. Setilaiti ziliendelea kupita juu, bila mtu chini wa kuzihakikishia.

Bahari hiyo ndiyo huleta sehemu ya mvua zetu, na ndiyo hubeba makontena yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kabla ya kupanda huku milimani. Siku hizi nikikutana na lori la kontena pale Kobero, hujiuliza kama meli iliyolileta ilikuwa na kile chombo, au ilivuka bahari yote bila kuandika hata mstari mmoja.